Jamii, Mali na Amana: Suala la Kimaadili katika Mfarakano wa Steem na Hive

Neno 'jamii' limetumiwa mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hivi kwamba ni nadra mhakiki kujishughulisha na kulifafanua. Fasihi husemwa kuwa ni kioo cha jamii, mwandishi husemwa kuwa ni zao la jamii, na mjadala ukaendelea kana kwamba jamii yenyewe ni kitu kilichokwishapatikana. Mzizi wake wa Kiarabu, ambao pia umezaa 'jamaa', 'jumuiya' na 'Ijumaa', una maana ya kukusanya. Lakini wanaosubiri matatu katika kituo kimoja wamekusanyika vilevile, na hakuna awaitaye jamii. Ni nini basi kinachowapungukia? Swali hili ni la kale, ila limepata mfano mpya na mkali katika jukwaa la Steem, ambalo kisa chake cha mwaka 2020 kinastahili kuzingatiwa na yeyote anayejali matumizi ya maneno 'sisi' na 'wetu'.

Steem lilianza mwaka 2016. Lilikuwa jukwaa la kuandika na kusoma kupitia intaneti, lililojengwa juu ya blokicheni, yaani daftari la pamoja ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi, hata asiwepo mmoja awezaye kulifuta peke yake. Mtu alijiunga, akaandika shairi, mapishi au habari za safari, na wasomaji wakampigia kura. Baada ya siku saba kura hizo ziligeuka malipo kwa sarafu ya jukwaa, yakagawanywa kati ya mwandishi na waliompigia. Watu walijikusanya kwa lugha, kwa nchi na kwa mapenzi ya jambo fulani, na si kila urafiki ulioanzia humo ulikuwa wa kutafuta fedha. Hata hivyo, uzito wa kura ulitegemea kiasi cha sarafu ambacho mpigaji alikuwa amekifungia katika akaunti yake. Msomaji maskini aliyelisoma shairi mara tatu na kulielewa aliweza kumpa malenga karibu bure. Tajiri ambaye hakulisoma kamwe aliweza kumtajirisha. Mhakiki wa fasihi hatashangaa sana hapa, kwa kuwa washairi wa kale pia walikuwa na wafadhili wao. Tofauti ni kwamba mfadhili alijulikana kuwa mfadhili. Hakuitwa msomaji.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotawala uongozi. Daftari liliandikwa hasa na watunzaji 20 wa daraja la juu walioitwa mashahidi, nao walichaguliwa kwa kura zenye uzito wa mali. (Neno lenyewe lina kinaya: shahidi hutarajiwa kusema alichokiona, wala si kuteuliwa na mwenye mali.) Kinyume chake, Sheria ya Vyama vya Ushirika iliyopitishwa Kenya mwaka 1997 ilimpa kila mwanachama kura moja pasipo kujali wingi wa hisa zake. Sheria hiyo ilitambua kwamba mtu huweka hisa zake chamani, ila yeye mwenyewe si hisa.

Kampuni ya Steemit, iliyoanzisha jukwaa, ilishikilia takribani sehemu moja kwa tano ya sarafu zote, ilizojipatia siku za mwanzo kabla ya wengi kujiunga. Viongozi wake walikuwa wameeleza kwamba mali hiyo ilikuwa ya kuendelezea jukwaa, na kampuni haikuitumia kuwachagua mashahidi. Kwa lugha ya Kiswahili, ilichukuliwa kuwa amana. Mnamo Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa Tron, aliinunua kampuni pamoja na sarafu zake. Je, amana huuzika? Mashahidi waliokuwepo walijibu kwa vitendo: tarehe 23 Februari walibadilisha programu, sarafu hizo zikazuiwa. Tarehe 2 Machi masoko matatu ya sarafu za kidijitali, Binance, Huobi na Poloniex, yalipiga kura kwa sarafu zilizowekwa humo na wateja wao, na mashahidi wa zamani wakang'olewa. Binance na Huobi baadaye yaliondoa kura zao, lakini jambo lilikuwa limekwisha kutendeka.

Methali husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kisa hiki daftari lilikuwepo, tena lisilofutika, na habari zilikuwepo dakika kwa dakika. Kilichokosekana ni namna ya kuandika tofauti kati ya kumiliki na kutunziwa. Daftari lilisoma kiasi kilichomo katika akaunti. Halikuweza kusoma kwamba kiasi hicho ni cha mtu mwingine, wala kwamba mwenye nacho aliwahi kutoa ahadi. Maadili yaliyotegemewa na wanachama tangu mwanzo yaliishi nje ya programu, katika kuaminiana.

Tarehe 20 Machi 2020 wengi wao walinakili daftari zima na kuanzisha Hive, jina lenye maana ya mzinga wa nyuki. Kila mtu alipewa huko sarafu sawa na alizokuwa nazo, isipokuwa kampuni. Hatua hiyo inaweza kutetewa, maana mvunja amana hadai amana. Hata hivyo, walinyimwa pia watu binafsi ambao kosa lao lilikuwa kuwapigia kura mashahidi wa upande wa Sun. Hapa utetezi unalegea. Watu hao hawakuvunja ahadi yoyote. Walikuwa na maoni, na katika jamii inayojigamba kwamba haina mtawala, maoni yaliwagharimu mali. Neno 'sisi' lilikuwa tayari limeanza kufanya kazi ya lango.

Upande wa pili haukuchelewa. Mwezi Mei mwaka huohuo waliobaki kutawala Steem walibadilisha programu yao na kunyakua sarafu milioni 23.6 kutoka akaunti 64, zikiwemo za watu walioshiriki kuanzisha Hive. Akaunti iliyobuniwa kuipokea mali hiyo ilipewa jina la neno la Kiingereza lenye maana ya 'jamii', likifuatwa na tarakimu tatu.