Mlimwahidi Mama Yake

Sikieni, enyi makocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, ninyi mnaozunguka jimbo hadi jimbo mkitafuta vijana warefu wa sekondari. Mnaingia nyumba za watu. Mnakula chakula kilichopikwa kwa heshima yenu, mnasifu picha za ukutani, mnamuulizia bibi hali yake. Kisha mnamgeukia mama na kumwambia: niachie mimi, nitamlea kama wangu, hatatoka mikononi mwangu bila shahada. Mama anaamini, maana mtu mzima ametamka neno hilo mbele ya chakula chake. Kijana anatia saini. Na wengi wenu, kabla hamjalala usiku huo, mmeshampigia simu kijana mwingine wa nafasi ileile.

Nawakaripia kwa jambo hili hasa. Kutafuta wachezaji si kosa, timu haijengwi kwa hewa. Kosa ni kumchukua mwana wa watu kwa kauli ya mzazi, kisha kumtumia kwa hesabu ya mfanyabiashara. Mtoto uliyekabidhiwa ni amana. Mliipokea kwa mikono miwili, mkaitupa siku goti lake lilipovimba.

Mnamkumbuka Kevin Ross? Habari zake, kama alivyozidai mahakamani, zimo katika hukumu ya rufaa ya mwaka 1992, na kila kocha anayesajili angepaswa kuzisoma. Alitoka Kansas City, Kansas, akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, mwaka 1978. Katika mtihani wa kujiunga alipata 9 kati ya 36, wakati wastani wa wenzake pale chuoni ulikuwa zaidi ya 23. Waliomsajili walijua. Wakamwahidi walimu wa kumsaidia. Alipofika, wakamwelekeza kwenye somo la kulenga shabaha na somo la nadharia ya mpira wa kikapu, na katibu akaajiriwa kumsomea kazi zake, kumwandikia na kumpigia chapa. Baada ya miaka minne aliondoka bila shahada, lugha yake ikiwa ya mtoto wa darasa la nne na kusoma kwake kwa darasa la saba. Mtu mzima yule akaenda Chicago, shule ya Westside ya mwalimu Marva Collins, akaketi darasani pamoja na watoto wa msingi. Julai 1987 alijifungia katika chumba cha moteli akatupa samani dirishani. Kwake yeye samani zile zilikuwa ni watu wa chuo waliomdhulumu. Mahakama ilikataa kuamua kama alifundishwa vibaya. Ilimwachia mlango mwembamba tu, wa kudai ahadi iliyovunjwa, na shauri likamalizwa kwa dola 30,000.

Msiniambie hayo ni ya zamani. Ripoti ya mwaka 2014 kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina ilionyesha kwamba kati ya 1993 na 2011 wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wanamichezo, walipewa alama za kozi za mkato, nyingi zikiwa hazina hata kipindi kimoja darasani. Mlisema nini? Mlinyamaza, kwa kuwa mlikuwa mnahesabu vikombe.

Na Septemba 2017, FBI ilipowakamata makocha wasaidizi wanne pamoja na watu wa Adidas na madalali wao, mlijifanya kushangaa. Baba yake Brian Bowen, kijana wa Saginaw, Michigan, alikuwa ameahidiwa na watu wa Adidas dola 100,000 ili mwanawe aende Chuo Kikuu cha Louisville. Baba huyo aliapa mahakamani kwamba hakumwambia mwanawe. Kesi ilipoamuliwa New York, Oktoba 2018, waliohesabiwa kuwa wametapeliwa ni vyuo vikuu. Vyuo! Kijana hakucheza mechi hata moja ya chuo. Alivuka bahari kwenda Sydney, Australia, kutafuta riziki ya mpira. Hapo ndipo mlipotufundisha thamani ya mtoto katika biashara yenu: watu wazima wakipatana gizani, anayefungiwa mlango ni yeye.

Nendeni North Augusta, South Carolina, mwezi Julai, kwenye mashindano ya vijana ya Peach Jam ya Nike, mjitazame. Mmejipanga kwenye viti kando ya mstari, kila mmoja kavaa shati lenye nembo ya chuo chake kifuani, kwa kuwa siku hizo za kutazama kanuni inawakataza kuongea na kijana. Nembo inaongea badala yenu. Kijana wa miaka kumi na sita anakimbia huku jicho moja likichungulia nani kaketi wapi. Kocha mwenye jina akiinuka katikati ya mchezo kwenda kutazama uwanja wa pili, mtoto anaona. Mpira unaofuata anaurusha kutoka mbali, hana nafasi, hana sababu, anataka tu yule mtu ageuke. Mwenzake aliyekuwa peke yake chini ya kikapu anabaki ameinua mkono. Kisha mnaandika kwenye daftari kwamba kijana huyu ni mbinafsi.

Mnawapa ofa hata watoto wa darasa la nane, mkijua vizuri kwamba kanuni hairuhusu ofa ya maandishi kabla ya Agosti 1 ya mwaka wao wa mwisho wa sekondari. Kwa hiyo mnawapa maneno matupu. Mtoto anayatangaza kwa mtaa mzima, na mwaka ukigeuka hampokei simu yake.

Sasa fedha zimetoka hadharani, nami nasema ni haki. Mashindano ya vyuo ya Machi yaliuzwa kwa televisheni hadi 2032 kwa nyongeza ya mkataba ya dola bilioni 8.8 iliyosainiwa mwaka 2016, na kwa miaka mingi waliotoka jasho hawakuruhusiwa kuuza hata jina lao. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa, na tangu 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Wapeni, ni jasho lao. Lakini hundi haifuti ahadi. Kijana wa mwaka wa kwanza anaambiwa baada ya msimu mmoja kwamba hatapata dakika, bora ajiandikishe kwenye mfumo wa uhamisho, kwa sababu mmempata mtu wa miaka ishirini na tatu aliyekwisha kukomaa. Mnaita hilo ushauri. Hilo ni kufukuza. Mkitaka kumfukuza, nendeni wenyewe kwa mama yake, bila kumtuma msaidizi wala kuandika ujumbe wa simu, mkamweleze masomo ya mwanawe yamefika wapi na nani atalipia yaliyobaki.

Nanyi wazazi mnaomrudisha mtoto darasa ili aonekane mkubwa kuliko wenzake, mnaomhamisha shule tatu kwa miaka mitatu kufuata kiatu cha kampuni, karipio hili halijawapita.

Wala halijawapita madalali wanaokuja kwetu Afrika. Wanasimama kwenye viwanja vya Don Bosco, Upanga, au mjini Lubumbashi, na kutaja majina mawili: Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam akachukuliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, na Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022. Hawasemi kwamba Tshiebwe, kwa sababu ya viza ya mwanafunzi, alilazimika kungoja timu yake isafiri hadi Bahamas ndipo ashughulikie mikataba ya matangazo ambayo wenzake Wamarekani waliisaini nyumbani. Hawasemi kwamba mwaka 2018 mwendeshaji wa shule ndogo mjini Charlotte alikiri hatia mahakamani: alilipwa kuandikisha wanamichezo wa kigeni wapatao 75 kama wanafunzi wake, nao wakiishi na kucheza kwingine. Vijana wale walikuwa na makocha. Hawakuwa na mtu wa kuwajibika kwao.

Basi baba, mama, mjomba: dalali akibisha hodi, mwambieni aandike kwa mkono wake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, jina la shule ambayo kijana atasoma, nyumba atakayolala, na nani atamkatia tiketi ya kurudi akivunjika mguu. Mpigie simu mkuu wa shule hiyo wewe mwenyewe. Dalali akikataa kuandika, mpe maji anywe, kijana abaki amalize kidato cha nne.