Nasaha kwa Mwenye Kutamani Kutoka Mjini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeitandaza ardhi na akaiinua mbingu bila ya nguzo, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, kuna neno lisikiwalo sana katika baraza zetu baada ya sala ya alasiri, nalo ni hili: "Nimechoka na mji." Mwenye duka hulisema kwa kuwa wadai wamemsimamia mlangoni. Mwenye kuajiriwa hulisema kwa kuwa siku yake si yake, ni ya tajiri wake. Kijana hulisema kwa kuwa chumba ni kimoja na ndugu ni wengi. Kisha kila mmoja hutaja mahali anapopatamani. Huyu ataja shamba la minazi la babu yake, huyu ataja bahari kuu pasipo kitu ila tanga na upepo, na huyu ataja nyika za bara, ambako jicho halizuiliwi na ukuta mpaka likutane na mbingu. Na jambo hilo wao huliita uhuru.

Yatupasa basi tuulize: Je, matamanio haya ni ya kheri au ni ya shari? Na uhuru huo utafutwao, je, huko ndiko uliko?

Jua, Mungu akurehemu, ya kwamba kupenda uwanda mpana si aibu wala si dhambi. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipelekwa katika utoto wake kwa Bani Saad, akalelewa jangwani na Bibi Halima. Alipokuwa kijana alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kwa ujira mdogo, naye alitufahamisha kuwa hakuna nabii ila amepata kuchunga. Walipofika Madina, sala ya Idi aliisalisha nje, kwenye uwanja, na msikiti wake ulikuwapo. Na katika mambo ambayo umma huu umepewa kwa fadhila, mojawapo ni kwamba ardhi yote imefanywa mahali pa kusujudia, na mchanga wake umefanywa tohara kwa aliyekosa maji. Basi atokaye siku moja kwenda shamba au ufuoni, akatazama alivyoviumba Mola wake, akasali juu ya mchanga mkavu, huyo hakupoteza siku yake. Amesoma ukurasa ambao hauandikwi kwa wino.

Lakini kutoka ni kwa namna mbili, nazo hazilingani.

Namna ya kwanza ni ya mtu anayezuiliwa dini yake. Huyu ameamrishwa kutoka akiweza. Kwa ajili hiyo kikundi cha sahaba kilivuka bahari kwenda Habasha yapata mwaka 615, na Mtume mwenyewe akahama kwenda Madina mwaka 622. Na katika Suratin Nisaa twafunzwa habari ya watu watakaoulizwa na malaika wakati wa kufa kwao, wakatoa udhuru kuwa walikuwa wanyonge katika nchi, nao udhuru wao usikubaliwe, kwani ardhi ya Mwenyezi Mungu ilikuwa na nafasi nao walikuwa na uwezo wa kuhama.

Namna ya pili ni ya mtu asiyezuiliwa chochote katika dini yake, ila ameelemewa na watu. Wadeni wake ni watu, jamaa zake ni watu, majirani zake ni watu, naye ataka kuwapa kisogo. Huyu na ayasikilize yaliyompata mmoja katika sahaba, kama yalivyopokewa na Imamu Tirmidhi. Sahaba huyo alipita katika bonde lenye chemchemi ndogo ya maji matamu. Pakampendeza. Akasema moyoni mwake, laiti angejitenga na watu akakaa hapo akimwabudu Mola wake. Lakini kwa adabu yake hakufanya neno mpaka amwombe Mtume ruhusa. Mtume hakumruhusu. Alimfahamisha kuwa kusimama kwake katika njia ya Mwenyezi Mungu pamoja na wenziwe ni bora kuliko sala zake nyumbani kwake miaka 70. Tazama, ewe ndugu: bonde lilikuwa la halali, maji yalikuwa matamu, na nia ilikuwa ni ibada. Hata hivyo alirudishwa kwa watu.

Tena usidhani kwamba upana wa ardhi peke yake ndio uhuru. Mkumbuke Bwana wetu Bilal. Alipokuwa mtumwa wa Umayya bin Khalaf hakuadhibiwa chumbani wala pangoni. Alitolewa nje ya mji, akalazwa juu ya mchanga uliowaka jua, akawekewa jiwe kubwa kifuani. Uwanda ulikuwa mpana kuliani na kushotoni mwake, na mbingu ilikuwa wazi juu yake, naye hana awezalo ila ulimi. Na kwa ulimi huo alikuwa akisema: Ahad, Ahad. Ni yupi basi aliyekuwa huru siku ile? Ni Umayya aliyesimama, ambaye moyo wake ulifungwa na mali na jaha na masanamu, au ni Bilal aliyelala chini ya jiwe, ambaye hakuwa na Bwana moyoni ila Mmoja? Kisha Sayyidna Abubakar akamnunua na kumwacha huru, na ulipofunguliwa mji wa Makka mwaka 630, sauti ile ile ikaadhini juu ya Al-Kaaba.

Hapa yapasa tusimame, kwa sababu wako wasemao: "Kumbe uhuru ni wa moyo tu," wakaridhika. Sivyo. Lau uhuru ungekuwa wa moyo tu, Abubakar asingalitoa mali yake, angalimwambia Bilal, "Subiri, wewe tayari u huru." Hakusema hivyo. Aliliondoa jiwe. Uhuru wa moyo ni kazi ya aliye chini ya jiwe, na kuliondoa jiwe ni kazi ya mwenziwe apitaye.

Na sisi watu wa pwani tuna hesabu katika jambo hili, wala haifai kuifunika. Mashamba yale ya karafuu ya Unguja na Pemba, na yale ya mtama na ufuta ya Malindi, katika karne ya 19 yalilimwa na watu waliotekwa bara na kuuzwa. Kitabu chetu kimefanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya kiapo kilichovunjwa, na ya dhihari, na ya kuua kwa kukosea. Kila mlango wa toba una mtu mmoja wa kutolewa kifungoni. Ilikuwa yatupase sisi tuwe wa kwanza kuzifunga soko hizo. Lakini soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipolazimishwa na Waingereza. Hukumu ya utumwa ikaondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Mombasa na Malindi mwaka 1907. Na kabla ya sharia hizo kufika, wapo walioitafuta nyika kwa miguu yao. Walitoroka mashambani usiku, wakajenga vijiji vyao bara, kama Fuladoyo nyuma ya Takaungu, wakaitwa watoro.

Basi wewe uketiye barazani ukitamani nyika kwa kuwa yapendeza macho, kumbuka kuwa nyika hiyo hiyo alikwisha kuitamani mtu mwingine kwa sababu nyingine. Yeye hakukimbia makelele ya mji. Alimkimbia Muislamu mwenziwe, au babu wa Muislamu. Na uchungu wake haujakwisha maadamu wako kati yetu watu ambao wakigombana na mtu humtajia asili ya bibi yake, na wakiposwa na mtu mwenye dini na tabia njema huuliza kwanza babu yake alikuwa wa nani. Pingu za chuma ziliondoka zamani. Pingu za ulimi twazifua wenyewe, tena wengine wetu twazifua tukiwa na udhu.

Katika Qurani iko sura iitwayo Al-Balad, yaani Mji. Ndani ya sura hiyo, yenye jina la mji, Mwenyezi Mungu ametaja njia ya mlima iliyo ngumu, ambayo mwanadamu hajaipanda. Kisha akaifasiri njia hiyo: ni kumfungua mtu shingo yake, au ni kulisha katika siku ya njaa yatima aliye jamaa, au maskini aliyelala mavumbini. Zingatia jambo hili, ndugu yangu. Wewe wataka kutoka mjini uende ukapande kilima upate hewa. Kilima ulichoamrishwa kukipanda kiko mjini humo humo. Kiko mlangoni kwako.

Kwa hiyo nakuusia mambo manne.

La kwanza: kabla hujasema "nataka uhuru," uliza ni nani atakaye uhuru kwako. Mtumishi ambaye ujira wake umeuweka mwezi wa pili, huyo u jiwe kifuani mwake. Nawe umeamrishwa umpe kabla jasho lake halijakauka. Mke asiyeachwa kwa wema wala asiyekaliwa kwa wema, huyo umemfunga. Mdeni asiye na kitu, mpe muhula mpaka apate, na ukimsamehe ni bora kwako.

La pili: deni lako mwenyewe lilipe, au nenda kwa mwenye nalo umwambie kweli. Mwenye kukimbia deni huenda nalo. Atalala chini ya mnazi, na simu ikilia moyo utamruka kama yuko dukani.

La tatu: utoke. Nasema utoke, kwa ruhusa ya Mola wako, walau siku moja kila baada ya siku nyingi. Wachukue wanao waione ardhi isiyo na kuta, uwaonyeshe nyota kwa majina yake, msali jamaa juu ya mchanga. Kisha rudi.

La nne: ulimi wako usimtaje mtu kwa utumwa wa wazee wake. Sote tu waja, na sote Bwana wetu ni Mmoja, na asiyeridhika kulingana na mwenziwe katika safu ya sala, sala yake na aitazame upya.

Mwenye kuyafanya haya, mji utampanukia hata kama chumba chake ni kimoja. Na asiyeyafanya, hata akipewa nyika yote mpaka mwisho wa upeo, ataiona nyembamba.

Mola wetu, zipanue nyoyo zetu kama ulivyoipanua ardhi yako. Wafungue waliofungwa, na utufanye sisi kuwa sababu ya kufunguliwa kwao, wala usitufanye kuwa jiwe juu ya kifua cha mtu. Amin.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndiko iliko taufiki.