Funga Betri Kabla ya Kufunga Safari

Mjukuu wangu, nimesikia umenunua gari la zamani. Hongera. Gari la zamani lina chuma kizito, na fundi yeyote wa kijijini atakusaidia likikwama. Lakini sogea hapa kidogo. Kuna jambo ambalo aliyekuuzia hakukwambia, na ninavyokujua, wewe mwenyewe hukuuliza.

Fungua boneti. Shika betri kwa mikono miwili, uitikise mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Ikisogea, usiwashe gari. Nakuomba, mwanangu, usiwashe gari.

Najua utanijibu, "Babu, mbona imefungwa kwa mpira?" Mipira hiyo naijua. Naijua na kamba ya katani, naujua na waya wa kufungia nondo. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na trei ya chuma, bolti mbili ndefu zenye ndoano, na ukanda wa chuma unaokaza betri kwa juu. Miaka ikapita, betri zikabadilishwa. Gereji moja ikapoteza nati, nyingine ikapoteza ndoano, ya tatu ikausahau ukanda sakafuni. Ukinunua gari la zamani, umenunua na uvivu wa wote waliolimiliki. Boneti haifuti uvivu, huufunika tu.

Mpira wa tyubu hulegea kwa joto la injini na huliwa na mafuta. Katani huozeshwa na asidi. Waya wa nondo ndio mbaya kuliko vyote, maana nao ni chuma, na umepitishwa juu ya vichwa vya betri. Sisi wazee tunasema mpira hufunga macho yako, haufungi betri.

Mama akitoka na mtoto mgongoni humfunga mbeleko, hata kama anakwenda nyumba ya pili. Hasemi, "ni karibu tu, nitamshika." Nawe usiniambie unakwenda sokoni tu.

Sasa nisikilize niseme yanayofuata, maana njia hii najua inakoishia.

Kwanza utapoteza fedha. Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, na kila chumba kina sahani za risasi zilizopakwa unga uliokandwa. Betri ikirukaruka, unga ule hupukutika na kujikusanya chini, mpaka unazigusa sahani. Chumba kimoja kikifa, betri nzima imekufa. Utarudi dukani kugombana na muuzaji, kumbe mwizi wako ni nati iliyolegea.

Pili ni asidi. Maji yale ni makali. Yakimwagika hula rangi, yakaila trei, yakaila na bodi chini yake. Trei ikitoboka, betri inacheza zaidi. Ikicheza zaidi, inamwaga zaidi. Nayo asidi ikikurukia machoni, mjukuu wangu, hakuna duka la vipuri linalouza jicho.

Tatu ni moto, na huu ndio unaoninyima usingizi. Vijana huidharau betri kwa sababu ukiigusa kwa mkono haikurushi. Usidanganyike. Betri hiyohiyo inaizungusha stata kwa mamia ya ampea, na katika magari mengi ya zamani waya mnene unaokwenda kwenye stata hauna fyuzi yoyote. Kichwa kisichofungwa kwenye bodi, ambacho katika magari mengi ni cha chanya, kikigusa boneti au bodi, umeme wote unapita hapo. Waya unakuwa mwekundu, plastiki inayeyuka, na bomba la petroli haliko mbali. Tena betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hiyo hulipuka kwa cheche ndogo. Cheche haibishi hodi.

Kuna magari ambayo hatari hii hukaa ndani kabisa pamoja na watu. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ina betri chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko chake kikipotea, akikaa mtu mzito, springi za kiti hushuka zikagusa vichwa vya betri, na sponji ikaanza kutoa moshi. Land Rover Defender nayo imewekewa betri chini ya kiti cha mbele cha abiria, ndani ya kisanduku cha chuma. Anayekaa pale ni mgeni wako, au ni mama yako. Unampandisha mlima kwenda Mlalo, na chini yake kilo zaidi ya 15 za risasi na asidi zinatafuta pa kugusa. Njia mbovu haimpimi dereva peke yake, hupima na nati.

Basi fanya hivi, na ufanye leo.

Zima gari. Anza kufungua waya ule uliokwenda kwenye bodi, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Katika magari mengi huo ni hasi. Lakini Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa kinyume, chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi. Kwa hiyo ufuate waya kwa macho, usikisie. Ukianza na huo, hata spana ikigusa chuma hakuna cheche. Ukianza na ule mwingine, spana yako yenyewe ndiyo inayopiga shoti.

Toa betri nje. Osha trei kwa maji yenye magadi ya kupikia, maana magadi huua asidi. Kwangua kutu, paka rangi. Ikiwa trei imeoza, peleka kwa fundi wa kuchomelea, na betri uiache mbali kabisa na kazi hiyo. Fundi huyohuyo atakutengenezea bolti mbili zenye ndoano na ukanda wa kupita juu. Kazi hiyo haitoi jasho. Hakikisha ukanda uko mbali na vichwa vyote viwili, na kichwa kile kisichokwenda kwenye bodi ukivishe kifuniko cha mpira. Hapo ndipo mahali pa mpira.

Kaza mpaka betri isicheze, kisha uache. Ukizidisha, utapasua ganda na asidi itavuja, ukawa umekimbia mvua ukaingia mtoni kwa miguu yako.

Tena, usinunue betri kwa kuangalia bei tu. Kwenye betri za Kijapani utakuta maandishi kama 55D23L. Ile 23 ni urefu wake kwa sentimeta, na ile L au R ya mwisho inaeleza vichwa vimekaa upande gani. Betri fupi kwenye trei ndefu itateleza hata ukaze vipi. Yenye vichwa upande usio wake, waya zitavutwa mpaka zikae vibaya. Kitu cha bei rahisi kisichokaa mahali pake ni ghali tangu siku ya kwanza.

Na ukishafunga, usidhani umemaliza. Ukipita barabara ya changarawe yenye mawimbi, ukifika fungua boneti, tikisa tena. Nati haina haya. Hulegea mbele ya mtu yeyote, mwenye cheo na asiye na cheo.

Nakusihi, mwanangu. Watu hufikiri gari huungua kwa mambo makubwa. Nimeona magari yakiwa mifupa myeusi kando ya njia, na mwenyewe amesimama na funguo mkononi, hajui aanze kumwambia nani. Wengi wao walikuwa madereva hodari. Uhodari wa usukani haufiki chini ya boneti.

Sikukatazi kuendesha. Endesha, tembea, waone ndugu zako, Mungu akulinde. Lakini kabla ya kuwasha, tikisa betri. Ikicheza, safari ingoje. Anayekusubiri huko atakusamehe ukichelewa.