Deni la Chama kwa Mwalimu Asiye na Kituo

Watu hujiunga katika vyama kwa sababu moja kubwa: mtu mmoja peke yake ni dhaifu, bali wengi walioshikamana wana nguvu. Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na neno hili hakuna alibishaye. Lakini nyuma yake liko swali lingine, nalo huulizwa mara chache. Vidole vikiisha kushikamana, na kimoja kikaumia, vile vilivyo vizima vina deni gani kwa kile kilichoumia? Je, yatosha kukilisha tu, au kina haki ya kusikiwa pia?

Swali hili si la maneno matupu. Liliwapata walimu wa mji wa New York, katika nchi ya Marekani, na habari zao zafaa kutafakariwa na kila mtu aliye katika chama cho chote. Maana taabu yao haikuletwa na waajiri peke yao. Sehemu yake ilitiwa sahihi na chama chao wenyewe.

Chama hicho, kiitwacho United Federation of Teachers, kiliundwa mwaka 1960. Kila shule ina tawi lake, na kila tawi huchagua mwakilishi wake. Mwalimu akionewa, humwendea mwakilishi huyo. Mwakilishi naye huyapeleka maneno mbele kwa wakuu wa chama. Zamani mwalimu ambaye shule yake ilifungwa au ilipunguza walimu aliweza kupewa kituo kingine kwa kadiri ya miaka ya utumishi wake. Hakuwa na haja ya kubisha hodi mlango hata mlango.

Katika mwaka 2005 chama kilifanya mkataba mpya na serikali ya mji. Mishahara ya walimu iliongezwa, na wengi walifurahi. Lakini mkataba hutoa na kutwaa. Miongoni mwa mambo yaliyotolewa na chama ilikuwamo ile haki ya kupewa kituo kwa miaka ya utumishi. Tangu hapo mkuu wa shule aliruhusiwa kumchagua amtakaye. Mwalimu aliyepoteza kituo hakufukuzwa kazi. Aliendelea kupokea mshahara wake wote, lakini aliwekwa katika kundi la akiba, akaambiwa ajitafutie mahali.

Mtu aweza kudhani kwamba mwalimu mwema hawezi kukosa mahali. Hapo yafaa kutazama jinsi mambo yalivyokwenda. Michael Bloomberg alikuwa meya wa mji ule tangu mwaka 2002 hata mwisho wa mwaka 2013, na katika miaka yake shule zaidi ya 150 zilifungwa au zilianza kufungwa. Walimu wake wakatawanyika, wabaya na wema pamoja, maana shule inapofungwa haiulizwi nani alifundisha vizuri. Tena katika mwaka 2007 ilikuja njia mpya ya kugawa fedha: kila shule ilihesabiwa gharama kwa wastani wa mishahara ya walimu wake yenyewe. Basi fikirini mkuu wa shule aliyejiwa na walimu wawili. Mmoja amefundisha miaka ishirini, na mshahara wake ni mkubwa. Mwingine ametoka chuoni juzi, na mshahara wake ni mdogo. Mkuu huyo anataka pia vitabu, na mwalimu wa muziki, na mtu wa kuwasaidia watoto wazito wa kusoma. Hata akiwa mtu mwenye haki, hesabu yenyewe yamsukuma kumchagua kijana. Kwa njia hii miaka mingi ya kazi, ambayo zamani ilikuwa ngao ya mwalimu, iligeuka kuwa mzigo wake.

Mwaka 2008 chama kilijaribu kuupunguza mzigo huo: kilipatana na idara ya elimu kwamba shule itakayomwajiri mwalimu wa akiba isaidiwe kulipa sehemu ya mshahara wake. Walakini kundi halikwisha.

Kisha ukaja mwaka 2011. Meya alitangaza kwamba fedha hazitoshi, na walimu zaidi ya 4,000 wataachishwa kazi. Chama kilisimama kuwatetea, na mwezi wa Juni mapatano yakafanyika. Walimu wale hawakuachishwa. Lakini katika mapatano hayo ilikubaliwa kwamba walimu wa akiba watumiwe kujaza nafasi za walimu waliokosekana, wakihamishwa shule baada ya shule, na kwa kawaida juma kwa juma. Mwalimu wa hesabu aliweza kupelekwa kukaa na darasa la lugha asiyoijua. Jumatatu alifika mahali ambapo hakuna amjuaye. Ijumaa aliondoka, naye hajamaliza kuyashika majina ya watoto. Wanafunzi walimwona kama mpita njia, na walimu wenzake vivyo hivyo. Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mtu huyu alikuwa mgeni daima, na kila alipoanza kulishika jembe alihamishwa.

Hapo ndipo manung'uniko yalipozidi. Walimu wa akiba walisema: Twatoa ada kama wenzetu, lakini hatuna tawi. Mwakilishi wa shule hii hatujui, wala sisi hatukumchagua yeye. Naye ana watu wake wa kuwatetea, tena kesho kutwa sisi hatupo. Wengine waliomba wapewe tawi lao, wamchague mtu wao, wakutane na kusema shida zao. Wakuu wa chama hawakulikubali. Walisema hali ya akiba ni ya muda tu.

Sasa tupime pande zote mbili kwa haki, maana ni rahisi kumhukumu mtu ambaye hayupo.

Chama kina maneno mazito ya kujitetea. Kwanza, mwalimu wa akiba hakukosa chakula. Katika miji mingine mambo yalikuwa magumu zaidi. Katika Chicago mwalimu wa kudumu aliyepoteza kituo alilipwa kwa miezi kumi ya shule, akiwa hakupata mahali aliondoka. Katika jimbo la Colorado sheria ya mwaka 2010 ilisema kwamba mwalimu asiyepata kituo katika muda wa miezi kumi na miwili, au majira mawili ya kuajiri, apewe likizo isiyo na mshahara. Walimu wakashtaki, na mwaka 2018 mahakama kuu ya jimbo iliwakatalia. Mbele ya hayo chama cha New York chaweza kusema: Sisi hatukukubali hata mmoja afukuzwe kwa kukosa kituo tu. Pili, ilikuwa kazi yake kuwaokoa wale 4,000. Kiongozi awezaje kuwaacha maelfu wapoteze kazi ili mamia wasihamishwe-hamishwe? Tatu, si kila mwalimu wa akiba alikuwa hana lawama. Idara ya elimu ilipotoa hesabu mwaka 2017, karibu theluthi moja ya walimu hao walikuwa wameingia katika kundi baada ya mashtaka ya sheria au ya nidhamu.

Maneno haya si ya kudharauliwa. Lakini tuyachunguze moja moja.

Kuhusu mshahara, ni kweli kwamba mkate ni kitu kikubwa, na asiyejua njaa asiucheke. Ila mwalimu hakujiunga na chama kwa ajili ya mkate tu. Alijiunga ili kazi yake iwe na heshima na neno lake liwe na uzito. Mtu aliyelipwa miaka kumi bila kupewa darasa lake amehifadhiwa kama jembe lililotundikwa ukutani: halikutupwa, lakini kutu yalila. Na mji wenyewe ulipata hasara. Mwisho wa mwaka wa shule wa 2016–17 walimu wa akiba walikuwa 822, na gharama yao kwa mwaka ule ilipita dola milioni 150. Hivyo watu waliwaona kuwa walaji wa bure, ingawa wengi wao walikuwa wakiomba kazi.

Kuhusu wale waliokuwa na mashtaka, tukumbuke kwamba theluthi moja si wote. Tena mtu aliyeshtakiwa, akahukumiwa, asifukuzwe, amekwisha hukumiwa. Akiwa hafai, iko njia ya kumwondoa, yenye mashahidi na mwamuzi. Walakini mkataba wa mwaka 2014 uliwawekea walimu wa akiba peke yao njia nyingine, ya haraka na fupi: mwalimu akilalamikiwa na wakuu wa shule wawili kwa mwenendo usiofaa, aliweza kupelekwa katika hukumu hiyo. Wenzao wenye vituo walibaki na njia ndefu yenye ulinzi zaidi. Mkataba huo nao ulitiwa sahihi na chama. Je, watu waliotoa ada ile ile wapewe ngao mbili, moja nene na moja nyembamba?

Limebaki neno la wale 4,000, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mimi sisemi kwamba chama kilikosa kuwaokoa. Huenda hata walimu wa akiba wenyewe, kama wangaliulizwa, wangalikubali kubeba mzigo ule kwa ajili ya wenzao. Lakini waliulizwa wapi? Hawakuwa na tawi, wala mkutano, wala mtu waliyemchagua aseme kwa jina lao. Mtu akijitoa kwa ajili ya nduguze, hiyo ni sadaka. Nduguze wakimtoa bila kumwuliza, hiyo si sadaka, ijapokuwa faida yake ni ile ile.

Hapa naona kiini cha jambo. Katika chama wengi ndio wenye kura, na wenye vituo siku zote ni wengi kuliko wasio navyo. Kiongozi achaguliwaye kwa kura huwasikia walio wengi, wala si lazima awe mtu mbaya kwa kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo wachache hawawezi kuachwa wategemee huruma yake. Wanahitaji mahali pa kusema palipowekwa na kanuni.

Tena deni hili lina msingi katika sheria ya nchi ile. Chama kikikubaliwa kusema kwa niaba ya wafanya kazi wa mahali fulani, hakuna chama kingine kiwezacho kusema kwa ajili yao. Mwalimu wa akiba hakuweza kwenda kutafuta msemaji mwingine; na hata kabla ya mwaka 2018 asiyetaka kuwa mwanachama aliweza kukatwa ada vivyo hivyo. Mahakama Kuu ya Marekani ililiona jambo hili zamani. Katika mwaka 1944 ilihukumu kesi ya Mwafrika wa Marekani, mchochea moto wa garimoshi, ambaye chama cha reli kilifanya mapatano ya kuwaondoa yeye na watu wa rangi yake katika kazi. Mahakama ikasema kwamba chama kilichopewa uwezo wa kuwasemea wote kina wajibu wa kuwasemea wote bila uadui. Sisemi kwamba mambo ya New York yalikuwa sawa na uovu ule, sivyo. Nasema tu kwamba asili ya deni ni moja: ukiufunga mlango mwingine wote wa mtu, umejitwika kuufungua wako.

Na lile jibu la kwamba hali ya akiba ni ya muda? Chama hicho hicho kina tawi la walimu waliostaafu, ambao hawafundishi tena. Kama mzee aliyeacha chaki amewekewa kiti, mwalimu aliyeishika chaki bila kuwa na ubao wake angaliwezaje kukosa kiti? Tena mambo ya muda yana desturi ya kukaa. Kundi lililoanza mwaka 2005 lilikuwa bado lipo mwaka 2017, idara ilipotangaza kwamba itawapeleka baadhi yao katika shule zenye nafasi, hata kama mkuu wa shule hakuwaomba. Miaka kumi na miwili ni muda wa mtoto kuanza shule na kuimaliza.

Basi, nionavyo mimi, chama kina deni la namna mbili kwa mwanachama aliyepoteza mahali pake. La kwanza ni riziki, na hilo chama cha New York kililipa, kisinyimwe sifa yake. La pili ni sauti, nalo halilipwi kwa fedha. Mwenye kulipa la kwanza asidhani kwamba amelifuta la pili.

Ninyi msomao, wengi wenu mmo katika vyama: vya walimu, vya wakulima, vya kuweka akiba, vya kuzikana. Siku moja itawalazimu kuchagua jambo litakalowafaa wengi na kuwaumiza wachache. Huenda hapatakuwa na njia nyingine. Lakini kabla ya kupiga kura, tazameni mkutanoni kama hao wachache wamo. Kama hawamo, tumeni mtu awaite, mkawangojee mpaka wafike.