Mvukuta Upepo

Ndugu msomaji, sifa ya wimbo ni ya nani: ya anayeupiga, au ya anayeupa pumzi?

Swali hili lilinijia Mkunazini, Unguja, ndani ya kanisa kuu la Waanglikana. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mwaka uleule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Hata watu wa kwetu, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, walitembezwa kwa miguu hadi pwani na kuvushwa hadi Unguja. Humo kanisani mna kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na Henry Willis & Co.

Kinanda cha aina hiyo hakilii kwa vidole peke yake. Kidole hufungua njia tu. Kinacholia ni upepo upitao ndani ya bomba. Kabla ya mashine za umeme, ilibidi mtu akae pembeni avukute mivukuto, kama wahunzi wa Ufipa walivyovukuta moto wao. Akichoka, wimbo unakufa. Lakini waumini walimsifu mpigaji.

Nikiwa nimesimama pale nilimkumbuka kaka yangu. Tulipomaliza darasa la saba, baba alikuwa amekwisha kufariki, na ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Kaka akashika nyavu. Migebuka na dagaa aliovua usiku ziwani ndio walionisomesha hadi nikawa mwalimu. Siku nilipostaafu, nilifanyiwa sherehe pale Ikola. Nilipewa nafasi ya kusema, nikawashukuru viongozi, walimu wenzangu na wanakwaya. Kaka alikuwa ameketi karibu na mlango. Sikumtaja. Baadaye alinishika mkono akasema, "Umesema vizuri, mdogo wangu." Heri angenikaripia.

Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mimi nilisahau, wala si kwa ubaya. Nilikwisha kuzoea kuona upepo kama kitu kinachokuja chenyewe. Nadhani hivyo ndivyo dhuluma nyingi zinavyoanza: hatumchukii anayetubeba, ila tunaacha kumwona.

Niliporudi nilimwendea, nikamwomba radhi, nikamwambia nitasimama mbele ya watu nimtaje. Akacheka. "Nitaje ukipenda," alisema, "lakini nyavu zangu zimechakaa."

Nilinunua nyavu. Hata hivyo nilisimama, maana kosa lililotendwa mbele ya watu halilipwi gizani. Sidai kwamba deni limekwisha. Miaka yake ya shule siwezi kuirudisha, wala yeye haulizi. Ninachoweza ni hiki: kila ninaposifiwa, nigeuke kwanza nitazame mlangoni, nione nani ameketi pale.

Nawe, ndugu msomaji, wimbo wako nani anauvukutia?