Mayai ya Katoro na Mstari Mmoja

Kaa kwanza hapo kwenye benchi, mwanangu, chai bado inachemka. Sikukuita kwa kesi. Kabla Geita haijawa mkoa mwaka 2012, mimi nilikuwa nimekwisha kuwatia watu hasara kwa kosa hili hili lako, na tangu hapo nimelikuta Kahama, nimelikuta Shinyanga mjini, kila mara limevaa shati jipya.

Yule mama wa Katoro anawauzia kuku mamantilie wa machimboni. Alikuita umfungie Raspberry Pi kwenye mashine yake ya kutotoleshea vifaranga, na kazi ulifanya vizuri, sikunyimi haki yako. Kipimajoto ukakiunga kwenye njia ya I2C, programu ikawa isome joto na kuwasha taa likishuka chini ya nyuzi 37.5. Mwanzoni programu iligoma. Ukaandika sudo modprobe i2c-dev, ikakubali, ukanawa mikono, ukalipwa, ukapanda bodaboda.

Usiku wa siku ya 12 umeme ukakatika. Ukarudi baada ya dakika chache tu, kompyuta ikaamka salama, lakini kipimajoto haikukiona, na taa hazikuwaka. Yai la kuku linataka siku 21 za joto. Alfajiri mama yule aligusa mayai yake, yakawa baridi kama mawe ya mtoni.

Kosa liko wapi? Kiini cha Linux ni kama mpishi mwenye akili: hapangi sufuria zote mekoni kwa pamoja. Moduli zinakaa kabatini, inashushwa ile inayohitajika. Vifaa vingi, kama kadi ya mtandao au flashi unayochomeka, hupiga hodi na kujitaja jina, na udev ikasikia, ikaita moduli yake bila wewe kutia neno. Lakini kipimajoto kama kile hakina mdomo wa kujitaja, na i2c-dev ni mlango tu wa kupitishia programu hadi kwenye waya. Asipotokea wa kuufungua, unabaki umefungwa. Wewe uliufungua kwa mkono. Kilichofunguliwa kwa modprobe hudumu hadi mashine izimwe, basi. Ni chumvi ya kuazima: leo umepika, kesho unabisha tena kwa jirani, na usiku ule wa kubisha hakuwepo.

Dawa yake ni ndogo hadi inatia aibu. Ndani ya /etc/modules-load.d/ weka faili, ulipe jina upendalo mradi liishie na .conf, na humo andika i2c-dev. Jina moja kwa kila mstari, bila mkia wa .ko. Mstari unaoanza na alama ya # hausomwi, kwa hiyo utumie kuandika sababu ya kuiweka moduli hiyo, maana mwakani utakuwa umesahau na utadhani ni takataka za fundi mwingine. Kila mashine inapoamka, systemd-modules-load hulisoma faili hilo mapema, kabla programu za kawaida hazijaanza kazi. Na ukitazama kwa lsmod ukaona i2c_dev badala ya i2c-dev, usishtuke. Ni yule yule.

Mambo haya unayajua, ila kwa jina jingine. Bibi yako hukata michembe na kuianika viazi vingali tele, hangoji njaa ipige hodi. Wachimbaji wenye maduara husimika matimba kabla mtu hajashuka chini.

Najua pia utakachofanya ukitoka hapa, kwa sababu nilikifanya. Kwa uoga utanakili orodha nzima ya lsmod na kuimwaga ndani ya faili, majina arobaini, hata ya vifaa vinavyojitaja vyenyewe. Hiyo ni pilau ya mpishi aliyekaripiwa jana: kila kiungo kimo, ladha haimo. Siku moja kiini kipya kitaingia bila mojawapo ya moduli hizo, au utakuwa umekosea herufi moja, na mashine haitapiga kelele; itaendelea kuamka, lile kosa likae kimya hadi uliulizie kwa systemctl status systemd-modules-load. Katika mistari arobaini, ule mmoja wenye maana utauona saa ngapi? Andika kile ambacho hakina wa kukiita. Vingine viache vipige hodi vyenyewe.

Na kazi ikikubali, usinawe mikono kwanza. Hapo ndipo tunapoponzwa sote, fundi mkubwa kwa mdogo, maana ikishakubali moyo unakuwa umeshafika nyumbani. Izime mashine mbele ya mwenyewe, iwashe, kisha weka mikono mapajani usiguse kitu. Ikisoma joto bila wewe, kazi imekwisha. Isiposoma, bora ujue wewe mchana kuliko ajue yeye alfajiri.

Haya, chai imeiva. Kunywa, kisha pitia sokoni ununue mayai ya kutotolesha, umpelekee mama yule, umwamkie na umwombe radhi. Halafu uandike ule mstari mmoja.