Mti Usiopandwa na Mtu



Mtu akikata mkorosho wa jirani yake, sote tutamwita mwizi, na baraza litamtoza. Lakini akiingia porini akakata mti ambao hakuna aliyeupanda, wengi wetu hatumwulizi neno. Twasema pori ni la Mungu, na kilicho cha Mungu ni cha watu wote. Je, tukisema hivyo twasema haki? Na tulifikiri jambo hili pamoja.

Tuanze na fundi wa upinde. Wazee wetu wa Kimakua, Kiyao, Kimwera na Kimakonde waliwinda kwa upinde na mishale, na mti wa upinde haukutoka shambani. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mti upendwao kwa kazi hiyo ni mkole, kwa kuwa hupindika bila kuvunjika. Fundi hutafuta ufito ulionyoka, usio na vifundo, akaukata, akauchonga, kisha akautia upote. Shina aliloliacha huchipua tena, na ndege na watoto huendelea kula matunda yake.

Je, wazee hao walikuwa watakatifu kuliko sisi? Hatudhani hivyo. Shoka lao lilikuwa dogo na soko lilikuwa mbali. Mtu mmoja hana haja ya pinde ishirini, wala hapakuwa na lori la kuzichukua. Kiasi chao kiliwekwa na nguvu za mikono yao. Leo upo msumeno wa injini, na lori hufika hata mlangoni pa pori. Mpaka uliokuwa mkononi umeondoka. Usipokuwamo sasa moyoni mwetu na katika mapatano yetu, hautakuwapo popote.

Fikirini juu ya mpingo. Ndio mti wa vinyago vya Wamakonde vinavyosifiwa duniani, na ndio uchongwao zile zumari za Ulaya ziitwazo klarineti. Lakini mpingo si kama mkole. Huhitaji miaka 70 au zaidi kabla ya kufaa kukatwa. Dayosisi yetu ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926. Mche wa mpingo uliochipua mwaka huo, watu wameubatiza, wameoa na kuzikana mbele yake, nao ulikuwa bado unakua. Akataye mti kama huo huchukua kwa saa moja kazi ya vizazi vitatu, na anayemnyima hajazaliwa bado, hawezi kuja barazani kumshitaki.

Hapa mtu atatujibu: “Mtoto wangu ni mgonjwa, na karo ya shule inadaiwa. Gogo moja litanisaidia. Ninyi mnaokalia mabenchi ya mninga kanisani mwanihukumu kwa nini?” Jibu hilo lina nguvu, wala tusilipite upesi. Mabenchi yetu nayo yalitoka porini. Hatusemi kwamba kukata mti ni dhambi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu akutaye kiota njiani aruhusiwa kutwaa makinda, lakini mama yao lazima amwache aende zake. Ruhusa na mpaka vimetolewa pamoja. Hitaji hujua kiasi chake, na likitimizwa hunyamaza. Tamaa haina kiasi.

Tena mwingine atasema: “Nikiuacha mimi, mwenzangu ataukata kesho.” Neno hili ndilo gumu kuliko yote, kwa maana mara nyingi ni kweli. Lakini tukilikubali, hakuna wizi usioweza kuhesabiwa haki, kwa sababu siku zote yuko mwizi mwingine nyuma yetu. Linalotufundisha ni kwamba wema wa mtu mmoja peke yake hautoshi kulinda pori. Yatupasa kujizuia pamoja.

Na jambo hilo lawezekana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji njia ya kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe. Wenzetu wa Kilwa walifanya hivyo. Mwaka 2009 vijiji vya huko, Kikole kikiwa kimojawapo, vilipata cheti cha kimataifa kwa usimamizi mwema wa msitu. Kijiji hupanga miti mingapi ikatwe, na fedha huingia katika mfuko wa kijiji. Hapo mwenye mtoto mgonjwa anaweza kusaidiwa na mti, na mti mwingine ukabaki umesimama.

Kwa hiyo pori si mali isiyo na mwenyewe. Lina wenyewe wengi mno, na wengine wao hawajazaliwa. Baada ya gharika, Mungu aliweka upinde wake mawinguni, nasi kwa Kiswahili twauita upinde wa mvua. Agano lile halikufanywa na Nuhu peke yake, bali na kila kiumbe chenye uhai, na vizazi vitakavyokuja baadaye. Wale wasiokuwapo nao walihesabiwa.

Basi, mkutano wa kijiji utakapoitwa kuzungumza habari za msitu, tusiseme kwamba hayo ni mambo ya serikali tu. Twende, tukaseme kwa ajili ya wale wasioweza kufika.